Namna ya Kuchagua Risasi ya Kuwindia Kulungu

Kila ifikapo Oktoba simu yangu huanza kuita usiku, saa ambayo hapa Malindi maduka yamekwisha kufungwa na kule Texas jua bado li juu. Anayepiga huwa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, au mmoja wa vijana wenzake wa Malindi na Lamu walioko huko, na swali lao halibadiliki: "Mjomba, msimu unakaribia, ninunue risasi gani?" Huniuliza mimi kwa sababu kabla sijarudi nyumbani na kufungua bucha nilifanya kazi misimu saba katika duka moja la huko, ambalo wawindaji huleta kulungu wao wachunwe, wakatwe na kufungwa vipande. Sikuwa mlengaji hodari, na hadi leo si hodari. Lakini nimepasua vifua vya kulungu wengi mno, nikaona ndani yake kila risasi ilipita wapi na ilifanya nini, jambo ambalo muuza bunduki aliyesimama nyuma ya kaunta yake halioni. Haya ninayoyaandika ni yale ninayowajibu kwa simu, ila hapa nimeyapanga vizuri zaidi.

Nianze na sheria. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Paa wa msitu wa Arabuko-Sokoke na nunga wa msitu wa Boni hawaguswi, iwe kwa bunduki, kwa mtego au kwa mshale. Maelezo haya yanamhusu aliye katika nchi inayoruhusu, mwenye leseni ya msimu na haki ya kushika silaha. Texas, kwa mfano, humtaka mwindaji aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo awe amepita mafunzo ya uwindaji. Na mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda ana masharti yake ya kugusa bunduki, ambayo asipoyauliza mapema atajikuta pabaya kabla hajamwona hata kulungu mmoja.

Yafaa pia tuelewane juu ya majina. Kulungu wa kwetu hukaa na pembe zake mpaka afe, ilhali huyu wa Marekani na Ulaya, ambaye tafsiri ya Biblia humwita ayala, huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine. Ni wanyama wa ukoo tofauti, lakini vijana wetu wamezoea kumwita kulungu nami sitabishana nao. Jina linalonitatiza zaidi ni risasi yenyewe, kwa sababu Kiswahili kimelibebesha mizigo mitatu. Risasi ni ile nzima unayoiingiza katika bunduki, ambayo ina ganda la shaba ya njano, fataki katika kitako chake, baruti tumboni na kichwa mbele. Risasi ni kile kichwa peke yake kinachoruka. Na risasi ni madini yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi wetu huyatia katika nyavu na mishipi ili yazame. Nitakapotaka kutaja kile kinachoruka nitasema kichwa, na nitakapotaka madini nitasema madini ya risasi, maana sehemu kubwa ya uchaguzi tunaouzungumzia ni uchaguzi wa kichwa, na umeshikamana na swali la kama kichwa hicho kina madini ya risasi au hakina.

Mwindaji mgeni hudhani kwamba kuchagua risasi ni kuchagua yenye nguvu kubwa zaidi. Sivyo. Mvuvi wa hapa hachukui ndoana ya changu akamwendee nguru, wala hachukui ya nguru akamtafutie changu, na si kwa kuwa moja ni nzuri na nyingine ni mbaya. Lazima ujue kwanza mnyama ana uzito gani na kichwa kitampita wapi. Kulungu wa mkia mweupe wa Texas ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Dume la kawaida katika vilima vya katikati ya jimbo halizidi sana uzito wa kijana wa shule ya sekondari, na jike huwa jepesi zaidi. Mahali pa kulenga ni nyuma kidogo ya mguu wa mbele, ambapo mapafu na moyo vimekusanyika katika eneo la upana wa sahani, kama sentimita 20 hivi. Kichwa kikifika hapo kinatakiwa kitoboe ngozi, kipite kati ya mbavu au kivunje ubavu mmoja, kipanuke ndani ya mapafu, kisha kitokee upande wa pili ili damu ipate njia ya kudondoka chini na kukuonyesha mnyama alikoelekea.

Ukisoma sentensi hiyo tena utaona kwamba tumekitaka kichwa kimoja kifanye kazi mbili zinazopingana. Kupanuka kunakifanya kisimame mapema, na kupenya mpaka upande wa pili kunakitaka kisipanuke sana. Kichwa kigumu kupita kiasi hutoboa tundu jembamba kikaenda zake, na kilaini kupita kiasi hupasukia juu juu bila kufika kunakohusika. Tofauti za bei, rangi za ncha na majina makubwa yaliyochapwa juu ya masanduku ni majibu mbalimbali ya tatizo hilo moja.

Vya kuepukwa ni viwili. Cha kwanza ni kichwa cha kijeshi, ambacho koti lake la chuma au shaba limefunika ncha yote na hakipanuki. Majeshi yanakitumia kwa sababu Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani vichwa vinavyopanuka au kusambaa mwilini. Kwa mnyama hali ni kinyume chake: kisichopanuka humtesa, na majimbo mengi ya Marekani hukikataza katika uwindaji wa kulungu. Ni rahisi, huuzwa kwa mafungu, na kijana mwenye mshahara mdogo hushawishika. Mteja mmoja alituletea kulungu aliyempiga kwa kichwa cha namna hiyo jioni, akamtafuta usiku kucha na kumpata asubuhi ya pili yake katika kichaka cha jirani. Nilipomchuna niliona tundu upande huu na tundu upande ule, yote mawili hayazidi unene wa kalamu ya risasi, na tumbo limekwisha kuvimba. Ilitubidi tumtupe mzima.

Cha pili ni kichwa chepesi cha kupigia wanyama wadogo waharibifu, na kosa hili ni langu mwenyewe. Msimu wangu wa pili niliazimwa bunduki ya .243 Winchester (namba za namna hii ni majina ya aina ya risasi ambayo bunduki hutumia), nikaenda kununua risasi, na muuzaji akanipa sanduku la vichwa vya greni 58 huku akinisifia kasi yake. Greni ndicho kipimo cha uzito wa vichwa kinachochapwa kwenye masanduku ya Waingereza na Wamarekani. Greni 100 ni takriban gramu 6.5. Sikuuliza vichwa hivyo vimekusudiwa mnyama gani. Nilimpiga jike begani, akaanguka, akainuka na kukimbia, nikamfuata zaidi ya saa tatu mpaka nikampata na kummaliza. Nilipomweka mezani nilikuta kidonda kipana kama kiganja na kina kisichofika urefu wa kidole. Kichwa kilikuwa kimegonga mfupa wa bega kikasambaratika kuwa unga, na mapafu hayakuguswa kabisa. Vichwa vya aina hiyo vimeundwa vipasuke mara tu vinapogusa kitu, na bunduki ileile ikitiwa kichwa cha greni 95 au 100 kilichotengenezewa kulungu humtosha mnyama yule bila shida. Soma sanduku: watengenezaji wengi huchora picha ya mnyama au kuandika matumizi yake, na neno la muuzaji lisikutoshe.

Baada ya kuviweka kando hivyo viwili, mbele yako zitabaki jamii tatu.

Ya kwanza ni kichwa cha kawaida chenye kiini cha madini ya risasi, koti la shaba, na ncha iliyoachwa wazi au kufunikwa kwa plastiki. Hiki ndicho kilichoua kulungu wengi kuliko vingine vyote tangu karne iliyopita, ni cha bei nafuu, na hupanuka hata kasi yake ikiwa imepungua hadi karibu mita 550 kwa sekunde. Kwa kulungu wa mkia mweupe anayepigwa mbavuni kutoka mita 50 mpaka 200 sioni sababu ya kumkataza mtu. Udhaifu wake huonekana unapokisukuma kwa kasi kubwa na kukipiga karibu. Hapo koti huachana na kiini, vipande husambaa, na nyama ya bega huvilia damu yote ikawa nyeusi mfano wa ini. Nimetupa mabega mengi namna hiyo. Mwenye kulungu husimama mlangoni akilalamika kwamba kilo zimepungua, nami namwonyesha sanduku lake mwenyewe.

Ya pili ni jamii ya vichwa vilivyoimarishwa. Mwaka 1946 mwindaji Mmarekani aitwaye John Nosler alikuwa Kanada, katika jimbo la British Columbia, akiwinda yule kulungu mkubwa kuliko wote mwenye pembe pana mfano wa makafi, na vichwa vyake vikawa vinapasukia juu ya ngozi iliyokauka matope bila kuingia ndani. Aliporudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili vya madini ya risasi vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba: chumba cha mbele kinapanuka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea kupenya. Alianza kukiuza mwaka 1948 na hadi leo kinauzwa. Wengine baadaye wakaja na njia ya kuunganisha kiini na koti vikashikana kama kitu kimoja. Vichwa hivi vinafaa kwa mnyama mkubwa, au kwa anayejua kwamba huenda akampiga kwa pembe mbaya, mfupa wa bega ukiwa njiani. Kwa jike dogo la Texas ni anasa tu.

Ya tatu ni kichwa cha shaba tupu, kisicho na madini ya risasi hata chembe. Kilipata umaarufu kuanzia mwaka 1989, kampuni ya Barnes ilipotoa kichwa chake chenye tundu mbele, na kinapoingia mwilini ncha yake hupasuka kwa mistari iliyochorwa na kukunjuka nyuma petali nne. Mara ya kwanza kukitoa chini ya ngozi ya upande wa pili, kisu changu kiligota kitu, nikakipapasa kwa kidole na kukitoa, na nilipokiosha nilicheka peke yangu, kwa sababu kilifanana kabisa na karafuu iliyochanua, kikonyo chake na kichwa chake. Hakuna kipande kilichobanduka. Nyama iliyokizunguka ilikuwa nyekundu safi, na bega la kulungu yule tulilifunga lote.

Shaba ina tabia zake ambazo ni lazima uzijue kabla hujalipa, maana ni ghali zaidi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na urefu huo unaweza kukifanya kiyumbe kikitoka katika kasiba, yaani mtutu wa bunduki, isiyokisokota vya kutosha. Njia ya busara ni kushuka ngazi moja ya uzito: aliyezoea greni 150 za kawaida achukue 130 za shaba, na wala hatapungukiwa, kwa kuwa kichwa cha shaba hakipotezi mwili wake njiani. Pia shaba ni ngumu kupanuka ikichoka. Wengi wa watengenezaji huitakia kasi ya karibu mita 600 kwa sekunde wakati wa kumgusa mnyama. Chini ya hapo ni kama umerudi kwenye kile kichwa cha kijeshi. Ndiyo maana yule mwenye bunduki ya zamani ya .30-30, ambayo kichwa chake hutoka mtutuni kwa mita 670 hivi na kupoteza kasi upesi, simshauri anunue shaba isipokuwa ile iliyoundwa mahususi kwa bunduki yake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niwaambie vijana wanunue shaba hata ikiwa bei inauma. Kichwa cha madini ya risasi kinapopasuka, vipande vyake havikai katika kidonda. Picha za eksirei zilizopigwa mizoga ya kulungu zimeonyesha vipande vidogo vimetapakaa mbali na njia ya kichwa, vingine vidogo mno havionekani kwa macho wala havihisiki kwa jino. Dukani kwetu tulikuwa tukikata nyama iliyozunguka kidonda na kuitupa, upana wa mkono mzima, na bado mara kwa mara mashine ya kusagia ilileta kipande kinachong'aa katika nyama ya kusaga. Sumaku haisaidii, kwa sababu madini hayo hayavutwi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba tumboni. Mpwa wangu ana binti wa miaka mitatu ambaye hupenda kababu kupita chakula kingine chochote; sikuhitaji kumweleza mara mbili. Serikali nazo zimeanza kusogea. California imekataza madini ya risasi katika uwindaji wote tangu Julai 2019, hasa kwa sababu ya tai wakubwa waliokuwa wakila masalia ya mizoga na kufa, na Denmark ikayakataza katika risasi za bunduki za kuwindia mwaka 2024. Anayetaka kuendelea na vichwa vya kawaida, basi angalau apige mbavuni badala ya begani, na akate bila huruma nyama yote iliyovilia.

Kuhusu ukubwa wa bunduki sitakawia, kwa sababu mtu huchagua risasi kwa bunduki aliyonayo, si kinyume chake. Kwa .243 Winchester, greni 90 hadi 100 za kawaida au 80 hadi 85 za shaba. Kwa 6.5 Creedmoor, greni 120 hadi 143. Kwa .270 Winchester, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1925 na bado naiona kuwa mojawapo ya bora kwa kazi hii, greni 130 ndizo zilizozoeleka. Kwa .308 Winchester na mkubwa wake .30-06 Springfield wa mwaka 1906, chukua greni 150, au 165 ikiwa mnyama ni mzito. Za 180 na zaidi ziache kwa wanyama wakubwa, maana kulungu mdogo hana unene wa kutosha kukifanya kichwa hicho kipanuke ipasavyo. Ukiwa mwembamba wa mwili au hujazoea, usione haya kuchukua .243. Anayeogopa teke la bunduki hufumba macho anapovuta kifyatulio, na hakuna kichwa cha aina yoyote kitakachomrekebishia hilo.

Jina la risasi lililochorwa juu ya kasiba ni lazima lifanane, neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu, na lile lililopigwa chini ya kitako cha ganda. Usitosheke na kufanana kwa kipenyo. Vichwa vya .308 Winchester na .30-06 vina kipenyo kimoja, lakini maganda yake yana urefu tofauti na bunduki zake si moja. Halafu kuna ile .30-30 niliyoitaja, ambayo risasi zake hupangwa katika bomba chini ya kasiba, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile. Kichwa chenye ncha kali kikitiwa humo, teke la bunduki linaweza kuifanya ncha igonge fataki iliyo mbele yake na bomba lote likalipuka mkononi. Bunduki hiyo hutiwa kichwa chenye pua bapa, au kile chenye ncha laini ya mpira kilichotengenezwa kwa ajili yake, basi.

Walio Uingereza wana sheria iliyoandikwa kwa tarakimu, na kusema kweli inanipendeza, kwa kuwa inamwondolea mnunuzi nusu ya kazi ya kufikiri. Katika Scotland anayewinda kulungu mwekundu anatakiwa kutumia kichwa kinachopanuka, kinachotoka mtutuni kwa kasi isiyopungua futi 2,450 kwa sekunde, yaani kama mita 747, na chenye nguvu isiyopungua futi-pauni 1,750. Uzito wa kichwa zamani haukutakiwa kupungua greni 100, lakini tangu mwaka 2023 kisicho na madini ya risasi kimeruhusiwa kuanzia greni 80. England na Wales zina masharti yao: kipenyo kisipungue inchi .240 na nguvu isipungue futi-pauni 1,700, isipokuwa kwa kulungu wale wadogo sana waliowekewa masharti mepesi. Kijana mmoja wa Lamu aliyeko Inverness, huko Scotland, aliniuliza kama risasi alizopewa zawadi na rafiki yake zinafaa. Nilimwambia ageuze sanduku asome jedwali lililo nyuma yake, na jibu alilipata mwenyewe kabla hatujakata simu.

Kwa Waislamu lipo swali ambalo muuzaji wa huko hatakuuliza. Masheikh wamehitilafiana tangu zamani juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Muulize sheikh unayemwamini kabla ya msimu. Wanaoruhusu hutazama ile hadithi ya Adi bin Hatim, kwamba kilichopenya kwa ncha huliwa na kilichoua kwa kishindo cha ubavu wake ni sawa na mfu aliyepigwa. Kwa mwenye kuchagua risasi hilo lina maana ya moja kwa moja, kwa kuwa linazidi kukisukuma nje ya hesabu kile kichwa kinachosambaratika juu ya ngozi. Piga Bismillahi unapofyatua, na uwe na kisu kikali kiunoni, kwa sababu ukimkuta angali hai kuchinja ni wajibu na hakusubiri uende garini.

Ukishachagua, nunua masanduku mawili au matatu yenye namba moja ya toleo, si sanduku moja. Risasi mbili za greni sawa kutoka kwa watengenezaji wawili haziangukii mahali pamoja, na hata za mtengenezaji mmoja zinaweza kutofautiana kutoka toleo hadi toleo. Kwa hiyo kila unapobadilisha risasi itakubidi uirekebishe darubini ya bunduki upya, ilenge pale kichwa kinapoangukia. Nenda uwanja wa shabaha, tulia juu ya meza yenye mfuko wa mchanga, piga tatu kwa utaratibu kwenye karatasi iliyo yadi 100, acha kasiba ipoe, kisha piga tatu nyingine. Matundu yote sita yakienea ndani ya mduara wa kikombe cha kahawa, risasi na bunduki zimepatana; yakitapakaa, jaribu chapa nyingine ya uzito uleule kabla hujailaumu mikono yako au darubini. Kumbuka pia kwamba .308 ya greni 150 iliyorekebishwa igonge shabaha kwa yadi 100 itakuwa imeshuka sentimita 8 hadi 10 ikifika yadi 200. Hilo bado limo ndani ya ile sahani. Zaidi ya hapo, subiri mnyama akaribie.

Na kulungu wako wa kwanza usimpeleke dukani akachuniwe na wengine. Mchune mwenyewe, ufuate njia ya kichwa kwa kidole tangu kilipoingia hadi kilipotokea, utazame mapafu yamekuwaje na nyama iliyovilia imeenea kiasi gani. Kichwa kikibaki chini ya ngozi ya upande wa pili, kioshe ukiweke juu ya mizani ya dhahabu au ile ya jikoni inayosoma sehemu za gramu. Kichwa cha greni 150 huanza safari kikiwa na gramu 9.7. Cha kawaida mara nyingi hurudi na nusu yake au zaidi kidogo, kilichoimarishwa hurudi na zaidi ya hapo, na cha shaba karibu chote. Mpwa wangu alinitumia picha ya mizani yake msimu uliopita: gramu 9.5, petali nne, hata moja haijakatika. Nilimjibu arudi dukani kesho yake akanunue masanduku mengine ya namba ileile kabla hayajaisha.